Plagi Namba Mbili

Kadi ya gari ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati la mumewe, na katikati ya mikunjo kulikuwa na kipande cha karatasi ya daftari. Dobi aliitoa kwa vidole viwili vyenye povu, akaikausha kwenye aproni, akasoma. Kadi ilikuwa na jina la mumewe, rangi ya gari na mwaka lilipoundwa, mwaka ambao dobi alikuwa bado anavaa sare ya shule. Kwenye karatasi kulikuwa na bei, tena bei ya kutupa, na chini yake neno moja kwa mwandiko wa Daktari: Jumamosi.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Daktari hakuwa daktari. Alikuwa fundi mwenye gereji nyuma ya soko, na jina hilo alilipata kwa sababu kila gari lililofika kwake aliliita mgonjwa, na wagonjwa wake walikuwa hawatoki bila kulazwa. Kwa wiki tatu alikuwa akilitibu gari lao, na kwa wiki tatu gari lilizidi kudhoofika. Kumbe sasa ameshalitafutia mnunuzi, mume ameshakubali, na mwenye jasho lake hajaambiwa kitu.

Maana gari lile lilitoka mikononi mwa dobi. Ni miaka kumi na mmoja ya mashuka ya watu wengine, sabuni iliyomla kucha, pasi iliyomchoma kifundo cha mkono mpaka alama ikakataa kufutika. Siku ya kuliandikisha alikuwa na mashuka mia moja ya kunyoosha, akamtuma mumewe na pesa zote kwenye bahasha. Mume alirudi na kadi yenye jina moja. Alipoulizwa alisema karani hakutaka jina la pili. Wakaacha hivyo, kwa sababu gari lilikuwa mlangoni na wote wawili walikuwa wanacheka.

Dobi alikuwa na sheria moja ambayo hakuwahi kuivunja. Kitu kikikutwa mfukoni hurudi kwa mwenyewe, kiwe sarafu, barua ya siri au jino la bandia, na hakuna swali linaloulizwa. Kwa sheria hiyo watu walimwamini kuliko walivyowaamini ndugu zao. Alilifua shati, akalianika, akalinyoosha, na lilipokuwa tayari akairudisha kadi palepale mfukoni pamoja na karatasi yake, imekunjwa mara nne kama alivyoikuta.

Ijumaa asubuhi walipakia mashuka arobaini ya nyumba ya wageni, mteja wao mkubwa, wakaanza safari. Mume alikuwa kwenye usukani. Alikuwa dereva wa malori kwa miaka ishirini kabla jicho moja halijaanza kumsaliti na kampuni haijamwambia apumzike, na sasa gari hili dogo ndilo pekee duniani lililokuwa bado linamtii. Au lilikuwa linamtii. Tangu walipotoka nyumbani liliruka na kushtuka kama mtu mwenye kwikwi, na walipofika kwenye mlima wa kuelekea kituo cha mabasi likaishiwa nguvu kabisa. Malori yaliwapigia honi. Mtu mmoja aliyekuwa anasukuma mkokoteni wa matofali aliwapita, akawageukia, akatabasamu.

Mume alisema injini inamisi. Neno hilo alikuwa amelisema kila siku kwa wiki tatu, kwa sauti ya msiba, na maana yake ni kwamba katika silinda nne za injini moja au zaidi ilikuwa haichomi petroli yake. Petroli hiyo ilipita mbichi na kutoka nyuma, na kwa kuwa mlango wa nyuma wa gari haukufunga sawasawa tena, harufu iliingia ndani na kutulia juu ya mizigo.

"Halikuwa hivi kabla Daktari hajalitia mkono," dobi alisema.

Mume alimjibu kwamba lilikuwa gumu kuwaka asubuhi, amesahau? Dobi hakuwa amesahau. Lilikuwa gumu kuwaka asubuhi za baridi, basi. Mume akalipeleka kwa Daktari, Daktari akabadilisha plagi zote nne, zile zinazotia cheche ndani ya silinda, akalipwa pesa za plagi mpya nne, na jioni ileile gari likarudi linachechemea. Wakarudi. Daktari akabadilisha nyaya za plagi. Wakarudi. Akafungua kabureta, akaisafisha, akaifunga. Kila mara alisimama juu ya injini amekunja ndita, akichomoa waya mmoja baada ya mwingine na kusikiliza, akitikisa kichwa kwa huruma, na kila mara alizungumza na mume tu. Dobi alipouliza jambo, Daktari alimjibu mumewe. Siku moja alimwambia, kwa heshima zote, kwamba mama akapumzike kivulini, huku kuna grisi.

Kwenye lango la nyuma la nyumba ya wageni msimamizi aliwasubiri na saa mkononi. Alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mwenye viatu vinavyolia. Hakuwasalimia. Alisema wamechelewa dakika arobaini, na juzi pia, kisha akamwamuru dobi afungue furushi palepale chini, kwenye saruji. Dobi alitandika kitambaa kwanza ndipo akafungua. Msimamizi akainama, akachukua shuka la juu, shuka jeupe lililonyooshwa mpaka kona zake zikakata, akalipeleka puani.

"Hili linanuka petroli."

Akanusa la pili na la tatu. Wapishi wawili walitoka jikoni kutazama. Dobi alisimama mikono ikiwa mbele kama mtoto aliyevunja kikombe, yeye aliyekuwa akifua kwa ajili ya nyumba ile tangu msimamizi huyu hajaajiriwa. Mashuka kumi na mawili yalirudishwa. Msimamizi alisema bila kupandisha sauti kwamba kuna kampuni yenye mashine na gari jipya imeshaleta barua. Akawapa mpaka Jumatatu. Jumatatu wakichelewa, au shuka moja likinuka, wasijisumbue kurudi.

Wakati wote huo mume alibaki garini, akiangalia usukani.

Njiani kurudi dobi alimgeukia mumewe. Alisema ameiona kadi mfukoni. Walipovuka daraja mume akasema Daktari ameipima injini, na injini nzima imechoka, pistoni zote, hakuna dawa. Gari likikaa mwezi mmoja zaidi litauzwa kama chuma chakavu. Mnunuzi amepatikana, mtu wa Daktari, anakuja kesho asubuhi.

"Na mashuka nitayabeba kichwani?"

"Tutakodi gari."

"Kwa pesa ipi? Na uliniona nimelala usiniulize?"

Mume alisema mambo ya magari ni yake, kama yeye mambo ya pasi ni yake, na nyumba haiwezi kuwa na vichwa viwili. Aliyasema hayo akiwa ametazama mbele. Dobi alijua maneno hayo hayakuwa ya mumewe, yalikuwa yametengenezwa gerejini na kupakiwa mdomoni mwake. Lakini kuyajua hakukumpunguzia uchungu. Mume alimshusha nyumbani yeye na mashuka yake, akalipeleka gari gerejini likalale huko, akarudi kwa miguu.

Mchana huo dobi aliyafua upya mashuka kumi na mawili, na yalipokauka akayanyoosha. Umeme ulikuwa umekatika, akatumia pasi mbili za mkaa kwa zamu. Pembeni ilikuwepo chupa yake ya kunyunyizia, chupa ya kawaida ya plastiki aliyoitoboa kifuniko kwa sindano ya moto. Kabla pasi yoyote haijagusa nguo huinyunyizia matone machache kwenye uso wake wa chini. Ikiwa na moto, maji hulia na kutoweka. Ikiwa imepoa, hukaa pale yanakutazama.

Alipochukua pasi ya pili, maji yalikaa. Mkaa ulikuwa umezimika ndani bila yeye kujua. Kwa nje pasi zile zilikuwa sawa, uzito uleule, weusi uleule.

Dobi aliiweka chini, akakaa kwenye kiti, na kwa muda mrefu hakunyoosha kitu. Alikuwa anazikumbuka zile silinda nne. Mara nyingi alikuwa amesimama karibu na injini iliyofunguliwa, akisubiri kuambiwa apishe, na ameyaona yale matawi manne ya chuma yanayotoa moshi, tawi moja kwa kila silinda, kabla hayajaungana kuwa bomba moja. Bati la kuyafunika lilishaoza na kudondoka zamani. Ikiwa kila silinda ina moto wake, kila tawi litakuwa kama pasi yenye moto.

Jumamosi aliamka na mumewe, akavaa viatu vya kutokea. Mume alimuuliza anakwenda wapi. Alisema anakwenda kuliaga gari lake. Chupa aliitia kwenye mkoba.

Gerejini wengine walikuwa wameshafika. Mnunuzi alikuwa amevaa miwani myeusi, akilizunguka gari na kupigapiga mabati yake kwa kidole. Daktari alikuwa amewapangia viti viwili, cha mnunuzi na cha mume. Alimsalimia dobi kwa uchangamfu mwingi, akamwita shemeji, akamuuliza kama amekuja kuhesabu pesa. Wanaume wakacheka, na mumewe naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba radhi kwa pande zote mbili. Dobi alikisikia kile kicheko, na hakuja kukisahau.

Alisema ana ombi moja. Gari limelala, injini ni ya baridi. Liwashwe mara moja mbele yake, boneti likiwa wazi.

Daktari alisema hakuna haja. Mnunuzi, aliyetaka kusikia ubovu ili ashushe bei zaidi, alisema liwashwe tu. Mume akaliwasha. Gari likatetemeka na kukohoa, likajaza gereji harufu. Dobi alihesabu kimoyomoyo mpaka sitini, akatoa chupa, akainama, na akanyunyiza maji kwenye tawi la kwanza. Yakalia na kutoweka. La pili yakalia. Kwenye la tatu hayakulia, akanyunyiza la nne, yakalia. Kisha akarudi kwenye la tatu na kumimina kwa ukarimu. Maji yakakaa. Yakajikusanya kuwa matone manene, yakateleza polepole kwenye chuma, yakadondoka chini.

"Pasi tatu zina moto," dobi alisema. "Moja imezimika. Wewe Daktari ulituambia injini nzima imekufa."

Daktari alitabasamu. Alimweleza mume, si yeye, kwamba haya mambo si ya kunyunyizia maji, kuna vipimo, kuna uzoefu, na kwamba kama mama anataka kujua, pistoni ikiisha ndivyo inavyokuwa. Dobi akasema jana zilikuwa zimeisha zote, leo imeisha moja, basi zinapona. Mnunuzi akavua miwani.

"Nitolee plagi ya hiyo isiyo na moto," dobi alimwambia Daktari. "Niione tu."

"Plagi ni mpya, shemeji. Nimeziweka mwenyewe."

"Kama ni mpya, unaogopa nini kunionyesha?"

Daktari hakusogea. Alisema plagi haichomolewi ovyo, nyuzi zitaharibika, na kwamba gari lina mwenyewe na mwenyewe ameketi hapo kimya. Wote wakamtazama mume. Mume alizima injini, akaangalia mikono yake. Hapo dobi hakungoja tena. Alichukua spana ya plagi juu ya benchi, akainama kwenye injini, akachomoa waya wa tatu, akaingiza spana na kuanza kusukuma kwa nguvu zake zote. Ilikwama. Kiwiko kilimgonga kwenye chuma, ngozi ikachubuka, akaendelea kusukuma, na machozi yaliyokuwa yakimtoka hayakuwa ya kiwiko.

Kisha aliona mkono wa mumewe juu ya wake.

"Utaivunja," mume alisema. "Nipe."

Akaifungua kwa mizunguko michache, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba aliyokulia. Plagi ilitoka imelowa petroli. Aliifuta kwa kidole gumba, akaisogeza karibu na jicho lake lililobaki zima, akaigeuza. Kwenye kauri yake nyeupe kulikuwa na ufa mwembamba, unaotoka juu mpaka chini kama unywele. Lakini mume hakuwa anautazama ufa. Alikuwa anatazama ile sehemu ya chuma inayoshikwa na spana. Hapo palikuwa na mikwaruzo miwili midogo ya tupa, iliyosuguliwa kwa brashi ya waya isionekane, ila ilikuwa imeingia sana.

Enzi za malori, alipokuwa akihudumia pia magari madogo ya petroli ya kampuni, alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wenzake. Kila plagi aliyoiweka kwenye injini aliikwaruza kwa tupa idadi ya mikwaruzo inayolingana na silinda yake, mmoja mpaka minne, ili siku ya kuzisafisha kila moja irudi mahali pake. Hata za gari hili alizikwaruza, mwaka ule waliolinunua, yeye akiwa amechuchumaa na dobi amemshikia tochi.

"Hii ni yangu," alisema. "Hii ni namba mbili yangu."

Walikuwa wamelipia plagi mpya nne, wakapewa tatu, na ya nne wakauziwa ya kwao wenyewe, iliyosuguliwa, na iliyodondoshwa mahali fulani ikapasuka. Kisha wakalipia nyaya ambazo hazikuwa na kosa. Kisha wakalipia kabureta. Na mtu aliyechomoa waya mmoja baada ya mwingine mbele yao, akisikiliza kwa huruma, alikuwa anajua tangu siku ya kwanza ni silinda gani na kwa nini.

Daktari alisema zitakuwa zimechanganyika. Kazi ni nyingi, alisema, binadamu si malaika. Dobi alikuwa ameshafika kwenye benchi na ameshavuta droo. Ndani, kwenye vikasha vipya vya karatasi, zilipangwa plagi zinazong'aa. Alizitoa moja moja akimkabidhi mumewe, na mumewe akazigeuza. Walikuta yenye mkwaruzo mmoja na yenye minne. Ile ya mitatu ilikuwa imeshapata mteja, na huko iliko kuna mtu anaambiwa gari lake linakufa.

"Funga mpya," dobi alimwambia Daktari. "Na nyaya za zamani nazirudisha nyumbani. Na pesa ya kabureta."

Alifunga mpya. Nyaya alizitoa chini ya benchi. Pesa alisema hana kwa leo, na mpaka hadithi hii inasimuliwa hajakuwa nazo. Gari likawashwa, na sauti iliyotoka ilikuwa moja, iliyonyooka, mpaka mtu wa duka la pili akachungulia.

Laiti mambo yangeishia hapo. Mnunuzi alikuwa ameshavaa tena miwani yake. Alimshika mume bega na kumpeleka pembeni, akasema kumbe injini ni nzima, basi anaongeza, anaongeza sana, mzee ataje. Alimwita mzee. Kwa miaka miwili hakuna mtu aliyemshika mume bega namna ile. Dobi alikuwa ameegemea gari, kiwiko kinavuja damu, na alisikia wazi jibu la mumewe.

"Pitia Jumatatu tuzungumze."

Jumatatu walifika nyumba ya wageni robo saa kabla ya muda. Msimamizi alinusa mashuka sita, kisha akaacha, akatia sahihi. Hakuomba radhi kwa ya Ijumaa, watu wa namna hiyo hawana mfuko wa kutunzia radhi. Mlinzi wa lango aliusikiliza mngurumo wa gari, akauliza nani amelitibu.

Mume alitoa kichwa dirishani. Alieleza jinsi silinda moja ilivyokuwa imekufa, jinsi alivyowabana gerejini mpaka wakaifungua, na jinsi alivyoitambua plagi yake kwa alama zake mwenyewe. Alieleza vizuri, kwa mikono. Mlinzi akasema kweli mzee ni fundi. Dobi alikuwa amesimama nyuma, amekumbatia mashuka machafu ya wiki. Alisubiri kidogo aone kama jina lake lingepita katika hadithi hiyo, hata kwa bahati mbaya. Halikupita. Akapakia mashuka, akafunga mlango.

Walipofika nyumbani mume alivua shati lenye jasho, akalitupa kwenye rundo la kufuliwa, akaenda kuoga. Mnunuzi alikuwa aje saa kumi. Dobi alijaza beseni, akachukua shati, na kama alivyofanya kwa kila shati kwa miaka kumi na mmoja, akatia vidole viwili mfukoni.

Ilikuwemo. Imekunjwa mara nne.

Hakuirudisha kadi mfukoni. Alikwenda chumbani, akafungua kopo lake la vifungo, akaiweka chini kabisa pamoja na plagi yenye ufa aliyorudi nayo kutoka gerejini, akalifunga kopo na kulifungia kwa kufuli kwenye sanduku la nguo. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la nguo yake. Kisha akarudi kwenye beseni.

Saa kumi kasoro dakika chache mume alikuja uani amevaa shati safi, akijipapasa kifuani, kisha mifuko ya suruali, kisha kifuani tena. Nje ya lango gari la mnunuzi lilikuwa limeshasimama, honi imepigwa mara moja.

"Mama watoto, uliiona kadi kwenye mfuko wa lile shati?"

"Niliiona."

"Umeirudisha wapi?"

Dobi aliinyunyizia pasi maji. Yakalia. Akalishika shuka kwa kona mbili na kulitandaza mbele yake.

"Kwa mwenyewe," alisema.